Uzi wa Buluu katika Mto Zenne

Watu wa mtaa wa chini hawakuhitaji kalenda. Mtu aliamka, akafungua dirisha la nyuma, akautazama Mto Zenne uliokuwa ukipita chini ya ukuta wake, akajua siku. Ukiwa mwekundu ilikuwa Jumatatu, kwa sababu kiwanda cha kutia rangi cha Bwana Hertoghe kilianza juma kwa suruali za jeshi. Katikati ya juma mto ulikuwa wa manjano kama nyongo. Kuelekea Jumamosi uligeuka buluu nzito, na povu lake likaganda kwenye matofali kama ukoko. Jumapili rangi zote zilikutana zikawa kitu kama mchuzi ulioungua. Watoto waliozaliwa katika Uchochoro wa Chungu Kilichovunjika walikua wakidhani kwamba kila mto duniani una mtu wake anayeupaka rangi.

Rangi ya mto wenyewe hakuna aliyeijua.

Katika nyumba ya mwisho ya uchochoro huo alizaliwa Pieternel Coosemans, ambaye wote walimwita Nel. Mama yake alikuwa muosha maiti, na mama wa mama yake vilevile. Nel alikuwa na mikono mikubwa iliyonuka siki hata siku za sikukuu, na sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alifiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja, Fien. Hakuwahi kudokoa kitu katika nyumba ya msiba, hata mshumaa uliobaki, na katika mtaa ule hilo si jambo dogo.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Mtu akifa, Nel alimwosha kwa maji ya siki, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamvika shuka. Kisha alipasua godoro akatoa mabua ya ngano yaliyokuwa ndani yake, kwa kuwa hakuna aliyekubali kulalia mabua aliyofia mwenzake. Vijijini mabua ya maiti huchomwa kwenye njia panda. Lakini uchochoroni nyumba zilikuwa za mbao na udongo, zimebanana kama meno, na mwenye nyumba alikataza moto wa nje. Kwa hiyo sisi wa uchochoro huo tulikuwa tukiupa mto. Nel aliyafunga mabua bunda moja kwa uzi wa sufu wa buluu, akapiga mafundo matatu, la tatu akilirudisha nyuma kama alivyofundishwa na mama yake. Kengele ya kanisa ilipoanza kumlilia marehemu, alifungua dirisha, akaupa mto mgongo, akatupa bunda juu ya bega, kisha akamwaga maji ya kuoshea. Hakugeuka mpaka kengele inyamaze. Watu waliamini kwamba marehemu hufuata kitanda chake. Kitanda kikienda, naye huenda.

Kilikwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Kilikwenda chini.

Nel hakutaka Fien airithi kazi hii. Tangu binti akiwa mdogo alimpeleka kwa watawa kujifunza kufuma lesi, na kila alipotoka kuosha mtu hakusimulia neno. Fien akimwuliza alikuwa wapi, alijibu, “Kwa watu.” Fien alimjua mama yake kwa harufu ya siki na kapu lenye vifundo vya uzi wa buluu, basi. Alidhani uzi ule ni wa kufungia shuka. Nel aliona ukimya huo ni upendo. Ulikuwa upendo kweli, lakini ukimya haumlindi mtu na kitu asichokijua, na Nel alikuja kujifunza hilo kwa gharama.

Fien aliolewa na Tist Verhasselt, kijana aliyetoka mashambani magharibi mwa mji, mcheshi, mwenye masikio makubwa. Tist alipata kazi kwenye kinu cha maji upande wa kaskazini, pale mto unapotoka mjini. Hapo palikuwa na lango la kuzuia maji na mbele yake nondo za chuma zilizopangwa kama kitana. Kazi yake ilikuwa kusimama na uma mrefu na kuondoa chochote kilichokwama kwenye nondo: mbwa waliokufa, matumbo ya ng’ombe kutoka machinjioni, viatu, mbao. Walipewa chumba juu ya mto, karibu na lango. Majira ya kuchipua ya mwaka wa elfu moja mia nane sitini na sita, mimba ya Fien ilianza kuonekana.

Na majira ya joto ya mwaka huohuo kipindupindu kiliingia.

Kilianzia upande wa mfereji, kikavuka. Watu walianza kufa asubuhi waliyoamka wakiimba. Mafundi wa rangi walikufa wengi, na Bwana Hertoghe akafunga kiwanda akahamia kwa dada yake milimani. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika maisha ya waliokuwa hai, Zenne ulionyesha rangi yake. Ulikuwa mweusi. Si weusi wa kivuli wala wa tope. Ulikuwa weusi unaong’aa, kama jicho la farasi, na ndani yake mapovu yalipanda taratibu yakapasuka bila sauti. Mvua haikunyesha. Kinu kilifunga lango ili maji kidogo yaliyobaki yasipotee, na mto ukasimama. Watu waliozoea kulala na mlio wa maji ukutani waliamka wakisikiliza, hawajui kilichowaamsha.

Siku hizo zote Nel hakuingia kwa binti yake. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: mauti aliyoyashika kila siku yasimfikie Fien na mtoto wake. Alikwenda mpaka kinuni, akasimama barabarani upande wa pili, na Fien akatoa kichwa dirishani.

“Mama, panda ngazi basi! Kahawa iko motoni.”

“Kunywa wewe. Mimi nimetoka kwa watu.”

“Kila siku kwa watu! Na sisi ni nini, bata?”

“Miguu imevimba?”

“Kama mikate. Tist anasema nikianguka mtoni nitaelea mpaka baharini.”

“Mwambie Tist kitakachoelea ni kichwa chake, maana ni kitupu.”

Walicheka, mmoja juu, mwingine chini, kisha Nel akarudi kwenye kazi yake. Alinawa kwa siki mpaka viwiko. Aliacha viatu nje ya mlango. Alifanya kila alichokijua.

Halafu baraza la mji likakataza kengele za misiba. Zilikuwa zikilia mfululizo, na wakubwa walisema zinawatisha wagonjwa. Nel alikwenda kwa mtunza kanisa, mzee Lambrecht, aliyekuwa amekaa chini ya kamba za kengele akimenya yai.

“Sasa mimi nitatupa lini?” Nel aliuliza.

“Kutupa nini?”

“Unajua nini. Natupa kengele ikilia.”

“Basi tupa ukitaka, mama. Zimefungwa mdomo.”

“Na wao watajuaje kwamba wamekufa?”

Mzee Lambrecht aliacha kumenya. “Usiniulize maneno kama hayo,” alisema, “mimi nakaa humu peke yangu.”

Siku hiyo Nel alimwosha Peer Smets, mbeba makaa. Alifunga mabua, akapiga mafundo yake, akasimama na mgongo kwa dirisha. Alingoja kwa mazoea, ingawa hakuna cha kungoja. Kisha akatupa. Hakusikia bunda likienda; alisikia tu likitua. Na kwa kuwa hapakuwa na kengele ya kumwambia lini ageuke, aligeuka.

Bunda lilikuwa palepale chini ya dirisha. Lilizunguka polepole juu ya maji meusi, bila upepo, mpaka fundo la buluu likawa upande wake. Likasimama hivyo, likimtazama.

Kesho yake lilikuwa limesogea mpaka chini ya dirisha la Trien Slagmulder, muuza konokono wa kuchemsha. Trien alikuwa mwanamke ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla yake.

“Nel! We Nel! Kuna kitanda kimenisimamia huku!”

“Kitaondoka.”

“Kiende wapi na maji yamelala? Si cha Peer hiki? Yule hata alipokuwa hai hakutoka kwangu mpaka nimtoe kwa fagio!”

“Basi kitoe kwa fagio.”

Watu madirishani walicheka. Trien alichukua mti wa kuanikia nguo, akalisukuma bunda mpaka likafika chini ya dirisha la jirani yake, fundi viatu. Juma halijaisha mke wa fundi viatu akafa. Hakuna aliyecheka tena.

Tangu siku hiyo kila nyumba iliweka mti mrefu dirishani. Mabunda yaliongezeka, maana Nel aliitwa kila siku na mto haukwenda. Yalielea pale mengi, yamevimba, yakizunguka moja moja kama watu waliolala wanaojigeuza. Asubuhi ukitazama ungeona miti ikitoka katika kuta pande zote mbili za mto, na watu wazima, waumini, watu waliobatizana watoto, wakisukumiana vitanda vya maiti bila kusemeshana. Lililosukumwa kutoka kwa mmoja lilifika kwa mwenzake, na mwenzake akalirudisha. Hatukupiga kelele. Tulifanya kwa utulivu, kama watu wanaofagia uwanja. Nalisema wazi, kwa kuwa wengi wetu tumejifariji kwamba ilikuwa hofu: haikuwa hofu peke yake. Kila aliyesukuma alijua jina la aliyekaa chini ya dirisha linalofuata.

Nel aliyaona hayo yote, na aliona fundo lake juu ya kila bunda. Alianza kuogopa kufungua dirisha lake mwenyewe. Lakini alipojaribu kumwambia mjane mmoja kwamba mabua yangeweza kukaa uani kwanza, mjane yule alimshika nguo akapiga yowe: “Unataka abaki humu na mimi?” Basi akaendelea kutupa.

Kisha asubuhi moja mto ulikuwa mtupu.

Hakukuwa na bunda hata moja. Maji yalikuwa yameshuka kidogo yakaacha mstari ukutani, meusi vilevile, lakini matupu kutoka daraja hadi daraja. Trien alitoka uchochoroni na nguo ya kulalia.

“Mtakatifu Rochus, mfukuza tauni, amepita! Amewachukua wote! Tazameni wenyewe, hata uzi haukubaki!”

“Wewe ulimwona?” aliuliza fundi viatu.

“Mtakatifu aje umwone wewe, usiyelipa hata konokono zangu?”

Waliwasha mishumaa. Wengine walilia kwa furaha. Nel peke yake alisimama dirishani akiyatazama maji, akahisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta kiti kilichokuwa karibu na dirisha hakipo, na hakuna mgeni aliyekuja.

Siku chache baadaye, mchana wenye jua kali, Tist alikuja mbio, miguu mitupu.

“Mama! Maji yake yametoka. Anakuita, anasema safari hii usisimame barabarani.”

Nel aliyekuwa hajaosha mtu siku hiyo alimshukuru Mungu. Alivua nguo zake za kazi, akajisugua kwa siki mpaka ngozi ikawaka, akavaa sketi yake ya Pasaka. Walikwenda kwa haraka kando ya mto. Tist alikuwa na uso wa kijivu, lakini mdomo wake haukutulia.

“Utaona nilichomtengenezea, mama. Sisemi. Hata mke wa muuza mikate hana.”

“Umeiba?”

“Mimi? Nimebarikiwa tu.” Alisimama ghafla akajishika tumbo, akainama, kisha akanyooka. “Plamu. Nimekula plamu mbichi.”

“Na ujinga gani wa kula plamu mwaka huu!”

“Zilikuwa zinaniangalia, mama.”

Fien alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, anapumua kwa mdomo. Alipomwona mama yake ndani ya chumba, baada ya miezi yote ile, aliangua kicheko na kilio pamoja. Chumba kilikuwa safi. Dirisha lilifungukia mto. Na juu ya kitanda palikuwa na godoro nene jipya, kitambaa chake cha mistari kimeshonwa vizuri, na kila mahali kilipobanwa ili mabua yasisogee, kimefungwa kwa kifundo cha uzi.

“Zuri, ee mama?” Fien alisema. “Alilificha kwenye ghala, kalileta leo ili nililalie. Na tazama uzi wake! Wa buluu, kama ule wa kapuni mwako. Nilipouona nikasema, mama hapandi ngazi zangu, lakini uzi wake umepanda.”

Nel alisogea. Alipitisha kidole juu ya vifundo. Vingi vilikuwa vya Tist, vya hovyo. Lakini kwenye pembe moja, karibu na mto wa kichwa, Tist alikuwa ametumia kipande bila kukifungua. Fundo la kwanza. La pili. La tatu limerudishwa nyuma.

“Tist,” alisema, na sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. “Mabua haya yametoka wapi?”

“Yamejileta! Siku ile walipofungua lango kidogo kuzungusha kinu, yakashuka yote pamoja kama kondoo, yakanikwamia kwenye nondo. Nikayasuuza, nikayaanika paani. Ngano safi, mama. Watu wa mjini mna kufuru, kutupa mabua mazima namna ile.”

“Hukujua ni nini?”

“Ni mabua.”

“Ni ya maiti.”

Tist alicheka, akimtazama kuona kama naye atacheka. Kisha masikio yake makubwa yakapauka.

“Ya maiti huchomwa,” alisema. “Kwetu hata mlevi hayagusi. Huchomwa, mama. Nani atayatupa mtoni na watu wako chini?”

Maisha yote ya Nel, na ya mama yake, na ya bibi yake, swali hilo halikuwa limeulizwa, na sasa aliyeliuliza ni huyu.

“Fien amelilalia?”

“Hata hajakaa. Nilisema liwe jipya kwake leo. Nimelilalia mimi huko ghalani, ligandamane kidogo. Lilikuwa linachoma mbavu.”

Fien alishikwa na uchungu, akalia. Nel alimvuta mbali na kitanda mpaka ukutani, akamkalisha sakafuni, akaivua sketi yake mwenyewe ya Pasaka akaitandika chini ya binti. “Ung’oe mlango,” alimwambia Tist, “uweke juu ya viti. Atazalia hapo. Na hilo lipeleke nje.”

Tist aling’oa mlango kwa mikono miwili. Kisha akalishika godoro, akalikunja kifuani, akalibeba mahali ambapo mtu yeyote wa mji ule angelibeba. Alilipeleka dirishani, akalipandisha juu ya kizingiti, na nusu yake ikawa tayari inaning’inia juu ya maji. Chini Zenne ulikuwa mweusi, umetulia, na kivuli cha godoro ndani yake kilionekana kama kitanda cha pili kinachopanda kulipokea.

“Si huko!” Nel alipiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga maishani. “Tist! Si huko!”

“Basi wapi?”

“Uani. Lichome.”

“Wamekataza moto, mama, kinu chote ni mbao…”

“Lichome, nasema! Chini yetu kuna nani? Hujui? Hata mimi sijui. Wana majina. Lichome!”

Tist alilichoma katikati ya uwanja wa kinu, mchana kweupe. Wasagaji walitoka wakimtukana, wakaja na ndoo. Alipowaambia ni mabua gani walirudi nyuma mpaka ukutani wakavua kofia. Mabua yaliyokuwa yamelowa mto ule hayakuwaka haraka. Yalifoka moshi wa manjano uliotambaa chini, ukazunguka uwanja, ukagusa mlango mmoja mmoja, na harufu yake ilikuwa ya siki. Ulichukua muda kuamua kupanda. Juu chumbani Nel aliusikia ukivuma kama watu wengi wanaovuta pumzi pamoja. Hakutazama. Alikuwa amempigia binti yake magoti, na kabla moto haujaisha mtoto wa kike alitoka akilia kwa hasira.

Tist alipanda ngazi kumwona. Alimshika, akasema ana masikio ya mama yake, Mungu asifiwe. Kisha akamrudisha haraka mikononi mwa Nel na kukimbilia uani. Hazikuwa plamu.

Alikufa kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, ghalani, kwa sababu alikataa kuingia chumba alichokuwa mtoto. Alikuwa amekauka kama mzee. Nel alimwosha. Alimfunga kidevu, akamlaza vizuri, akatumia shuka lake mwenyewe.

Trien alikuwa amesikia, akaja na kikapu cha mkate na siagi, maana pamoja na mdomo wake hakuwa mtu wa kukosa msibani. Alisimama mlangoni pa ghala akamtazama Nel anachimba shimo uani kwa sepetu, ndoo ya maji ya kuoshea iko kando yake na ndoo ya chokaa iko upande wa pili.

“Nel, unafanya nini?”

“Namwaga maji.”

“Mto uko pale.”

“Nauona.”

“Kengele zimekatazwa, haya, hilo si kosa lako. Lakini maji yake unayafukia hapahapa mlangoni? Na mabua aliyolalia?”

“Nimeyachoma.”

Trien alijipiga msalaba. “Mwanangu, huyu hatakwenda popote! Umemfungia humu. Binti yako ana kichanga, na wewe unamwachia maiti nyumbani? Mama yako angekupiga kofi.”

“Wewe ulilisukuma la Peer kwa mti,” Nel alisema bila kuacha kuchimba. “Lilifika wapi?”

Trien aligeuka akautazama mto. Aliweka kikapu chini. Dirisha la juu lilifunguka. Fien alikuwa amesimama na mtoto, ingawa hakutakiwa kusimama, na alikuwa amesikia yote.

“Mama,” alisema, “ni kweli atabaki?”

Nel aliegemea sepetu. Kusema hapana kulikuwa kwepesi, na ndivyo alivyokuwa amefanya siku zote, kumkinga binti kwa kutosema. “Sijui, mwanangu,” alisema. “Mimi nilikuwa natupa tu. Sikuwahi kuona walikokwenda, mpaka nilipowaona kitandani kwako.”

Fien alimsogeza mtoto kifuani.

“Basi abaki,” alisema. “Ni mume wangu. Kuliko aende kwa mtu mwingine.”

Nel alimwaga maji shimoni, akamwaga chokaa juu yake, akaanza kufukia. Trien alibaki amesimama. Kisha akaushika mpini wa sepetu pamoja naye, bila kuambiwa.

Mwaka uliofuata mji ulianza kuufunika mto. Uchochoro wa Chungu Kilichovunjika ulibomolewa pamoja na mingine mingi, na waliokuwa humo wakaambiwa watafute pengine. Zenne uliwekewa matao ya matofali, juu yake ikajengwa barabara pana yenye taa na miti, na watu wenye kofia ndefu wakaja kutembea hapo Jumapili wakisema mji sasa unapumua. Mimi nasema tulichukua mti mrefu kuliko yote, tukausukuma mto wenyewe chini ya dirisha la mtu mwingine. Maji hayakusafishwa hata tone. Yalitoka upande wa kaskazini, penye kinu, yakiwa na kila kitu chetu.

Nel alihamia kinuni kwa binti yake. Aliendelea kuosha maiti mpaka mikono ilipokataa, lakini aliyemwomba atupe dirishani alimjibu hana dirisha. Mabua aliyachoma shambani nyuma ya kinu, na maji aliyafukia kwa chokaa. Baadhi ya watu waliacha kumwita, wakatafuta wengine. Chakula chake kikapungua, basi. Kwa mjukuu wake hakuwa na siri. Mtoto yule alijua kila kitu kabla hajajua kusoma.

Uma wa Tist ulibaki ukining’inia ukutani karibu na lango, kwa kuwa msimamizi hakupata mtu wa kukaa na kazi ile zaidi ya juma moja. Walioajiriwa waliondoka wakisema wamefika asubuhi wakakuta nondo zimeshasafishwa, na rundo la takataka lipo ukingoni, bado linachuruzika, na uma uko palepale ukutani, mkavu. Wasagaji walisema ni Fien anayefanya hivyo. Fien hakuwakatalia wala hakuwakubalia.

Mjukuu ndiye aliyesimulia habari ya asubuhi moja ya majira ya baridi, walipokuwa jikoni wote watatu wakimenya viazi. Nje, chini ya dirisha, walisikia chuma kikikwaruza chuma, taratibu, kisha kitu kizito kilicholowa kikivutwa ukingoni. Mtoto alitaka kwenda kutazama. Fien alimshika nguo, lakini hakuonekana kuogopa. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za anayerudi kazini. Nel alikwaruza jicho la kiazi kwa kisu chake, akalitupa kwenye ndoo.

“Mwache baba yako,” alimwambia mtoto. “Anatoa tulivyotupa leo.”